Matembezi ya Koko Mwajuma

Mihogo iliyolowekwa kwa siku kadhaa hutoa harufu kali inayokaribia ile ya kuoza, na mgeni akiisikia kwa mara ya kwanza huziba pua. Kwangu mimi ndiyo harufu ya nyumbani. Koko Mwajuma, nyanya yangu aliyemzaa mama, alipika kwanga tangu ujana wake: aliiponda ile mihogo, akaifunga kwa majani mapana ya msituni, akaichemsha, kisha akajitwika beseni na kwenda kwa miguu hadi bandarini kuwauzia watu waliopanda maboti ya kushuka mto hadi Basoko. Alirudi shingo imenyooka, pumzi zimetulia. Mwanawe mkubwa, mjomba wangu Tonton Saleh, alipopata kazi kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumkataza mama yake biashara hiyo. Alileta kiti kikubwa chenye mito, akakiweka barazani. “Mama, umetumika ya kutosha,” alimwambia. “Sasa ukae. Watu waone kama uko na watoto.” Kwetu hiyo ni heshima kubwa. Koko akakaa, na ile harufu ikatoweka katika kiwanja chetu.

Msimu ninaoukumbuka zaidi ni wa mvua, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi. Koko alikuwa amekaa kwenye kiti kile muda mrefu. Miguu yake ilivimba kila jioni hadi viatu vikakataa kuingia, na akienda chooni, uani tu hapo, alisimama njiani akishika ukuta, akitafuta pumzi. Sisi tuliita hali hiyo uzee. Asubuhi moja, baada ya sala, alianguka mlangoni, midomo imekuwa ya kijivu. Mama alimpakia kwenye toleka, baiskeli ya abiria, mimi nikashika mgongo wake, mwenye baiskeli akaisukuma taratibu kati ya madimbwi hadi kwenye kituo cha afya huko Makiso. Daktari, mwanamke kijana, alimpima, akapima tena, akasema Koko ana tansio, yaani shinikizo la damu, na moyo wake umechoka. Kisha akauliza anafanya nini mchana kutwa. “Anakaa,” mama alijibu, na nilisikia fahari katika sauti yake.

Daktari hakuipokea fahari hiyo. “Koko, moyo ni nyama kama mguu,” alisema. “Usipoutumia, unalegea. Dawa utameza kila siku, na kila siku utatembea. Anza polepole, kwa mwendo unaokuwezesha bado kuongea. Ukisikia kifua kinabana, simama.”

Koko alianza siku chache baadaye, mapema, kabla ya jua kuchoma, nami nilifuatana naye kwanza ndipo niende shule. Mwanzoni tulifika kwa fundi baiskeli tu, kisha tukafika kisimani, kisha mwisho wa barabara yetu ya udongo mwekundu. Uvimbe ulipungua. Alianza tena kuniambia habari za watu wa bandarini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aketishwe. Lakini mwanamke mzee anayepita kila siku bila mzigo kichwani, akaenda na kurudi, huwafanya watu waulize. “Unaenda wapi hivi, Mama Saleh?” majirani walimwita. “Naenda kutembea.” “Kutembea wapi?” “Kutembea tu.” Jibu hilo halikumtosheleza mtu. Wengine walisema watoto wake hawampi chakula. Kisha mtoto mdogo wa jirani yetu Mama Béa akashikwa na homa isiyoshuka, na maneno yakabadilika: kwa nini kikongwe huyu anazunguka viwanja vya watu alfajiri?

Asubuhi moja vijana waliokuwa kisimani walipaza sauti: “Ndoki!” Yaani mchawi. Bonge la udongo likampiga Koko mgongoni. Hakugeuka. Alinishika mkono, na hakuuachia hadi tulipofika nyumbani. Neno hilo kwetu si la mzaha. Hata mimi mtoto nilijua kuna vikongwe waliofukuzwa kwao kwa sababu yake, na wengine waliofanyiwa mabaya zaidi.

Tonton Saleh alipata habari, akaja jioni hiyo, uso ameukaza. “Mama, imekwisha. Hautatoka tena.” Koko akarudi barazani. Mama alibishana na kaka yake, akalia, haikusaidia. Miguu ikavimba upya, na mchana, mvua ikinyesha, nilisikia pumzi zake kama za mtu anayepanda mlima, ilhali ameketi. Hadi Jumapili moja alipomwita mwanawe.

“Saleh, uliniweka ku kiti kwa mapendo, najua. Lakini kiti hiki kitaniua. Nikifa hapa, watu watasema wewe ni mtoto muzuri. Ni hiyo unatafuta?”

Tonton alitazama njia ya kisimani. “Watakupiga, mama. Ni hiyo naogopa.”

“Bon. Basi, tutembee wote.”

Kesho yake Tonton alikuja amevaa sare ya kazi, wakaingia barabarani pamoja, mimi nyuma yao. Tonton alikuwa mnene. Kabla ya kufika kisimani shati lilikuwa limelowa. “Mama, ngoja kidogo,” alisema, na Koko akasimama kumngoja, akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia msimu mzima. Wale vijana walitazama chini. Tulipofika kwa Mama Béa, Tonton aliuliza hali ya mtoto. Alikuwa ametibiwa malaria, ameanza kula. Mama Béa alijibu bila kuinua macho. Hakuna aliyeomba radhi, siku hiyo wala baadaye. Tangu hapo Koko hakutembea bila mtu mzima hata mara moja: Tonton akiwa kazini, mama alikwenda naye. Aliishi hadi nilipomaliza sekondari, na siku ya maziko yake bado nilimsikia mtu nyuma yangu akinong’ona kwamba umri ule mrefu aliuiba kwa watoto wa wenzake.

Siku hizi, Jumapili asubuhi, wanawake wa Makiso hukimbia kwa makundi, wamevaa viatu vya michezo, wakiimba, na hakuna anayewauliza waendako. Mama yangu, ambaye sasa nywele zake ni nyeupe, hutembea nyuma ya kundi hilo na hurudi amechangamka. Ningependa kusema mambo yamebadilika. Lakini wiki iliyopita, kwenye barabara yetu ileile, nilikutana na mjane mzee asiye na mtoto mjini, akitembea haraka na ndoo mkononi. Nilitaka kumsaidia kuibeba. Ilikuwa tupu, na kisima tulikuwa tumekipita zamani. Aliniangalia, akaona nimeelewa.

“Docteur alisema nitembee,” alisema kwa sauti ya chini. “Nikiwa na ndoo, hawaniulizi kitu.”