Shahidi Aliyekunywa Dawa

Mama Dieudonnée alifika Kasongo wakati wa kiangazi, kwa miguu, akitokea upande wa Wamaza. Miguu yake ilikuwa imevimba, na mali yake yote ilikuwa kikwembe alichojifunga kiunoni na kingine alichojitanda mabegani. Sisi tuliotoka kijiji kimoja naye tulikuwa tumeshakimbilia mjini tangu mvua zilizopita, na tulikuwa tumeacha kumtaja. Mtu akichukuliwa msituni, siku zikipita, jina lake linaanza kupotea midomoni. Si kwa ubaya. Ni kuchoka tu.

Kijijini alikuwa shemasi wa kanisa letu. Ndiye aliyepikia wageni, akaosha maiti za wanawake, akawatembelea waliojifungua. Siku watu wenye silaha walipotokea kwenye mashamba ya karanga, walimkamata yeye pamoja na Falone, msichana wa kwaya, wakawabebesha magunia ya karanga walizovuna kwa mikono yao wenyewe, wakaondoka nao.

Mjini alipata chumba kwa Aïcha, mjane Mwislamu anayeuza mawese karibu na soko. Aïcha hakuwa ndugu yake. Alimkuta amekaa kando ya barabara, akamwambia anyanyuke, basi. Tulipokwenda kumsalimu tulimkuta mkekani, mgongo ukutani. Kila tulichouliza alijibu kwamba amechoka, nasi tukarudi makwetu.

Régina, mama yake Falone, alikwenda peke yake.

"Mulikamatwa pamoja," alisema. "Mutoto wangu iko wapi?"

"Alikufa, mama."

Régina alikaa mkekani mbele yake. Kisha akauliza, "Ni homa?"

Mama Dieudonnée aliniambia baadaye kwamba njia nzima alikuwa akijizoeza kusema homa. Msituni watu wengi wanakufa kwa homa, na hakuna ambaye angeshangaa. Lakini Régina alikuwa amekaa mbele yake, viganja vimefunguka mapajani, kama anasubiri kupewa kitu. Uongo nao unataka nguvu, na yeye hakuwa na nguvu.

"Haikuwa homa. Walimuua. Mimi nilikuwa pale."

Akamweleza. Mkubwa wa wale watu alitegemea dawa yao ya kuzuia risasi kuliko bunduki. Aliamini kwamba sala za Kikristo zinaiharibu, kwamba mpiganaji akila chakula kilichopikwa na mtu anayesali, risasi itampata. Kwa hiyo kila mateka aliyepelekwa jikoni alipaswa kunywa ile dawa, kuapa kuishika miiko yake, na kusema mbele ya wote kwamba hamjui Yesu. Wakawapanga wanawake wawili hao mbele ya chungu. Mama Dieudonnée alikuwa wa kwanza. Alimfikiria mtoto wake wa mwisho, aliyeolewa mbali na kijiji, au pengine hakumfikiria, hakumbuki tena. Alipokea kikombe. Alikunywa. Alisema yale maneno.

Kikombe kikaenda kwa Falone. Falone akasema, "Mimi siwezi." Hakupaza sauti. Wakamrudishia mara nyingine, akasema vilevile. Wakampiga, halafu wakamuua.

"Alikuangalia?" Régina aliuliza.

"Hapana."

"Alikulaani?"

"Hapana, mama. Hakuniangalia tu."

Kwa kuwa alikuwa amekunywa, walimwamini. Alipoomba ruhusa ya kumzika yule msichana, mkubwa alimruhusu. Alichimba kwa jembe la shamba, akamfunika kwa kikwembe chake cha tatu, akarudi jikoni kupika. Baadaye, kambi ilipovamiwa na kila mtu akakimbia upande wake, naye alikimbia, akatembea hadi akafika kwetu.

Régina alilia pale mpaka Aïcha akaja kumshika. Asubuhi yake alikwenda kwa mchungaji wetu, Pasta Léon, kumpa habari za mtoto wake. Hakutaja nani alikunywa. Alisema tu kwamba Falone alikataa.

Lazima nieleze jinsi habari hiyo ilivyotupata. Tulikuwa watu waliokimbia. Tulikuwa tumeacha kanisa wazi, mabenchi yamechomwa kuni, na kila Jumapili tulijiuliza kimoyomoyo kama kukimbia kwetu kulikuwa akili au kulikuwa kukana. Ghafla tukawa na mmoja wetu aliyesimama. Mwenye kwaya alitunga wimbo wa Falone. Wazee wakapanga ibada kubwa, na wakamwomba Mama Dieudonnée asimame atoe ushahidi, kwa sababu ni yeye pekee aliyeona.

Alikuja na gauni la kuazima. Alisimama mbele, akaeleza kwa sauti ndogo hata watu wa nyuma wakalazimika kuinamia mbele ili wasikie. Alipofika penye kikombe angeweza kuruka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Walianzia kwangu," alisema. "Mimi nilikunywa. Nilisema simjui. Kisha wakamupa Falone, yeye akakataa."

Alimaliza yaliyobaki, akaenda kukaa. Wimbo ulikuwa umeandaliwa, lakini kwaya ilichelewa sana kuuanza.

Baraza la wazee lilikaa wiki hiyohiyo. Mzee Asani ndiye aliyesema kwa ukali kuliko wote, na sitaki mumdhanie vibaya. Wakati wa uasi wa zamani, yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake, baba yake aliuawa hapahapa Kasongo kwa kukataa kuwaonyesha waasi mahali walipojificha wageni wa misheni. Alikua bila baba kwa sababu ya neno moja ambalo baba huyo hakukubali kulisema.

"Kama tunamuacha hivi hivi," alisema, "basi wale waliokufa walikufa bure. Kesho kila mutu atakunywa, halafu atakuja kuomba radhi."

Wakamwondolea ushemasi. Wakamweka benchi la nyuma, karibu na mlango, na wakamkataza meza ya Bwana mpaka watakapoona inafaa. Alipoambiwa alisema "ndiyo, wazee", akauliza kama wamemaliza.

Miezi ikapita namna hiyo. Alikuja kila Jumapili. Wimbo wa Falone ulienea hata kwenye makanisa mengine ya mjini, na ubeti wake mmoja uliwataja waliopokea kikombe cha giza. Alikuwa akiusikiliza akiwa amekaa wima, macho sakafuni. Wanawake hawakumtukana. Walimsalimu haraka tu, kama mtu anayepita penye moshi. Siku za kazi alimenya mihogo ya watu, akatwanga mpunga wa watu, jioni akalala bila kula kama hakupata.

Aïcha hakuelewa. "Kwetu," alimwambia siku moja wakichuja mawese, "mutu akishikiwa kisu akasema neno, na moyo wake haukukubali, Mungu hamuhesabii. Watu wako wanataka nini tena?"

"Moyo wangu sijui kama haukukubali," Mama Dieudonnée alijibu. "Ulitaka kuishi."

"Sasa, si utafute kanisa lingine? Yako mengi."

"Falone nilimuacha kule. Hawa nao niwaache?"

Pasta Léon alimtembelea. Ni mtu mwembamba, wakati huo yeye mwenyewe alikuwa akilala sakafuni katika darasa la shule na familia tatu nyingine, na nadhani alikuja kwa kuwa uamuzi wa wazee ulimkosesha usingizi naye hakuwa na ujasiri wa kuupinga. Alimsimulia mambo aliyosomea chuoni. Zamani, katika Afrika ya kaskazini, mfalme wa Roma aliamuru kila mtu afukize ubani kwa miungu yake. Baadhi ya Wakristo walikataa, wakafa au wakatupwa gerezani. Lakini wengi, wengi mno, walifukiza. Askofu wa Karthago alikimbia akajificha. Mateso yalipopoa, wale waliofukiza walirudi makanisani wakilia, na ugomvi mkubwa ukatokea juu yao kushinda hata mateso ya mfalme. Wengine walisema wasipokelewe kamwe. Waliotoka gerezani na makovu wakawaombea. Mwishowe, baada ya toba ndefu, walipokelewa. Na askofu yule aliyekimbia, miaka michache baadaye, walipomjia tena hakukimbia, akakatwa kichwa.

"Nakuambia hivi," Pasta alisema, "usione kama uko wa kwanza."

Mama Dieudonnée alifikiri. "Na wale waliofukiza, pasta. Walisema walijisikia namna gani?"

Pasta alikuna kichwa. "Sikusoma popote. Walioandika ni wengine."

"Aa," alisema. 

Aliyeligeuza jambo ni Régina. Siku ya meza ya Bwana, sahani ya mkate ilipomfikia, aliipitisha kwa jirani yake bila kuchukua. Tulidhani anaumwa. Mwezi uliofuata akafanya vilevile. Mzee Asani alimfuata nje, chini ya upenu wa mabati, nami nilikuwa karibu nikisubiri mvua ipungue.

"Mama Régina, kuna nini? Uko na kosa gani?"

"Sina kosa, mzee. Nitakula siku yule wa nyuma atakula."

"Wewe? Wewe mama ya Falone?"

"Ndiyo, mimi. Mutoto wangu alizikwa na nani? Kama na yeye angekataa, wangekuwa maiti wawili porini, na mimi leo ningekuwa bado nauliza barabarani kila motari wa pikipiki anayetoka Salamabila. Nyinyi munaimba wimbo. Huo wimbo muliutoa wapi? Ni kinywa chake njo kiliwaletea. Alijua mutamufanya nini, na akasema."

Mzee Asani aliangalia mvua. Nilimwona amezeeka kuliko alivyokuwa ndani ya kanisa.

"Baba yangu hakuna aliyetuambia alizikwa wapi," alisema. Akavuta kofia yake, akaingia kwenye mvua.

Barazani hakubadilisha maneno yake. Walioshiriki wanasema alitamka wazi kwamba bado anaona ni kosa kubwa, na kwamba asingependa watoto wafundishwe vinginevyo. "Lakini nimechoka kumuona mama ya Falone akipitisha sahani," alisema. "Mupokeeni yule wa nyuma." Wengine walikubali upesi, kwa sababu nao walikuwa wamechoka.

Jumapili hiyo Mama Dieudonnée alichukua kipande cha mkate. Niliketi pale ambapo niliweza kumwona, na naungama nilitazamia machozi, au uso kung'aa. Alitafuna polepole, akameza, akafuta kidole kwenye kikwembe. Baada ya ibada alikwenda chumbani kwake akalala mchana kutwa, Aïcha akiwafukuza watoto wasipige kelele uani.

Walimwomba arudie ushemasi. Alikataa kwa adabu. Alisema wamwache kwanza apumzike, na mpaka leo hawajamsikia akisema amepumzika.

Sasa yeye na Régina wanalima mpunga pamoja nje ya mji, kwenye kipande walichokodi. Hawaongei sana. Régina anataka kupelekwa kwenye kaburi, na Mama Dieudonnée amemwahidi, anasema anaikumbuka njia. Kila mtu anayetoka kule wanamuuliza hali ya usalama, na kila anayetoka kule anawaambia wangoje kidogo.