Sangari Niliyoifukia Kidahwe

Msinicheke kabla sijamaliza, maana najua mtacheka, na mimi mwenyewe huwa nacheka mpaka nifike pale mwishoni. Mnanijua mimi mtu wa dagaa, naanika ufukweni Kibirizi, jembe nalijua kwa sura tu (kwetu Ujiji jembe la nyumbani lilikuwa la kuzibulia mtaro). Sasa mtu kama huyo akampenda binti wa wakulima wa Kidahwe, Sofia, binti wa Mzee Ruhaga, aliyekuwa akija sokoni kuuza maharage na akicheka anafunika mdomo kwa ncha ya khanga. Hadi leo nikiona mwanamke anafunika mdomo namna ile, moyo unanishtuka.

Mzee Ruhaga hakutaka makuu. Alisema, "Mwanangu simpi mtu asiyejua kushika jembe," akanionyesha kipande cha shamba nyuma ya nyumba, kimejaa majani ya kutambaa, nikilime kipandwe ulezi, halafu ukiota nilete wazee wangu na barua ya posa. Nikaona mtihani rahisi kuliko huu haupo duniani.

Asubuhi ya kazi Sofia akanipitia shambani akielekea sokoni. Akavuta jani moja, likatoka na mzizi mrefu mweupe wenye vifundo vifundo.

"Hii ni sangari," akasema. "Haikatwi hii. Kila kipande chenye kifundo kinaota upya. Tumia jembe la meno, nyanyua, kung'uta udongo, mizizi uianike kule juu ya mwamba mpaka ikauke kabisa, ndipo tuichome. Siku tatu utamaliza."

Siku tatu! Mimi nilitaka akirudi adhuhuri akute kazi imekwisha, aone kapata mwanaume (hapo ndipo ibilisi aliponipanda mgongoni), nikaweka jembe la meno kando, nikachukua lile la kawaida, nikawa nakata, nageuza, nafukia, nakata tena, nafukia, mikono inatoka malengelenge, na jua lilipofika utosini kile kipande kilikuwa cheusi, laini, kama kitanda kilichotandikwa. Sofia akaja, akasimama, akafunika mdomo.

"Umemaliza?"

"Kwani hii nayo kazi?"

"Na mizizi umeianika?"

Hapo ningesema hapana, neno moja tu, angenicheka, tungeshinda siku tatu tunachimbua pamoja, na Mungu anajua ningefurahi. Nikasema, "Nimeianika yote." Akaniamini, hata mwamba hakwenda kuutazama. Jioni akamwambia mama yake atoe mbegu ya ulezi aliyokuwa ameitunza kwenye kibuyu tangu msimu uliopita, na wakaimwaga yote pale.

Mvua zikanyesha vizuri, na wiki ya tatu Sofia akaniletea habari kwamba shamba limeota. Nikapanda kwenda Kidahwe na wazee wawili pamoja na baba yangu mdogo, mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Alipofika tu akawaamkia kwa Kiha, "Mwakeye!" kwa sauti kubwa (ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa tisa alasiri). Majirani walikuwa wamejaa uani. Mzee Ruhaga akasema kabla ya barua twende kwanza tukaone shamba, tukaenda wote, na shamba lilikuwa kijani kibichi, limefunga.

"Mzee mwenzangu, tazama mkono wa kijana wetu!" baba mdogo akapaza sauti. "Ulezi umesimama!"

Na mimi kichwa kikanivimba, nikadakia, "Na bado, Mzee. Mwakani nalima mpaka barabarani."

Mama yake Sofia akainama, akashika huo ulezi wangu, akavuta, ukaja na mzizi mweupe, akaendelea kuvuta na mzizi ukaendelea kuja, ardhi inapasuka mstari mzima mpaka ukaibukia miguuni pa baba mdogo, naye akaruka akidhani nyoka. Watu wakaangua kicheko. Hata mzee wangu mmoja (msaliti yule) aligeuka pembeni mabega yakimtetemeka. Ulezi wenyewe ulikuwepo, vijiti viwili vitatu vya manjano vimebanwa katikati (ukiwa mchanga, kwa mbali ulezi na majani hufanana).

Mzee Ruhaga hakucheka. "Kijana," akasema, "wewe si mtu wa dagaa? Kazi yako si kuanika? Hii nayo ilitaka kuanikwa tu."

Nikamtafuta Sofia kwa macho. Alikuwa kando ya mama yake, khanga ameishika mkononi.

"Sangari tungeing'oa," akaniambia polepole. "Lakini mimi ndiye niliyemwambia mama atoe mbegu, kwa neno lako."

Barua ilirudi Ujiji mfukoni mwa baba mdogo, haijafunguliwa.

Nilirudi kule kila Jumapili msimu mzima, na jembe la meno, nachimbua, nakung'uta, naanika juu ya mwamba. Mzee aliniacha, na mama alikuwa akinipa maji ya kunywa. Kipande kikatakata. Lakini Sofia alikuwa ameshapelekwa kwa shangazi yake Kasulu, na huko huko akaolewa. Namkumbuka, jamani. Sina namna nyingine ya kulisema.

Tangu hapo nimeapa, nikiulizwa jambo ambalo sijalifanya nasema sijalifanya, hata linigharimu. Na mwaka jana kiapo kikanijia kwa sura ya Sofia mwenyewe mpaka kwenye chanja langu la kuanikia pale Kibirizi, na mtoto mgongoni, kinataka dagaa za kwenda nazo Kasulu.

"Hizi zimekauka?" akauliza, kama mteja yeyote.

"Za juu zimekauka. Za chini bado, Sofia, zitakuharibikia njiani. Subiri kesho."

Akafunika mdomo kwa ncha ya khanga, lakini sikujua kama anacheka.

"Siku ile ungenijibu hivi," akasema, akamweka mtoto sawa mgongoni, akaenda chanja la jirani.

Nilishinda nazigeuza zile za chini. Kesho yake zilikauka vizuri kabisa, nikamwekea kando ndoo moja, na sikuiuza mpaka jioni, lakini hakuja.