Sikio la Kushoto

Nyie vijana mlioandikishwa shule kwa cheti cha kuzaliwa, kaeni vizuri niwaambie. Zamani zetu cheti kilikuwa mkono wako mwenyewe. Mwalimu mkuu anakwambia pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Ukilifikia, umetosha darasa la kwanza. Usipolifikia, rudi ukachunge mbuzi. Hakuna aliyeuliza habari ya mtoto ambaye mkono wake haunyanyuki. Mimi niliuliza, na sijutii.

Mjukuu wangu alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia. Mikono yake ilikunjika kwenye viwiko ikabaki hivyo, na maneno yalimtoka polepole. Mama yake, mkamwana wangu, alimlisha, akamvalisha, akambeba. Mimi nilimjibia. Mgeni akimuuliza, "Hujambo?" ni mimi niliyesema, "Hajambo." Tuliona ndiyo huruma.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka Burundi, Lukole ikajaa mahema, ikawa kambi. Mimi ni mzaliwa wa Kanazi, lakini niliolewa huku jirani na Lukole. Siku moja nilipeleka ndizi kambini nikakuta chekechea chini ya turubai. Mtoto mmoja haoni, mwingine anatembelea magongo, wengine wazima kabisa, na wote wamebanana kwenye mkeka mmoja wanaimba na kusukumana. Nilisimama pale mpaka ndizi zikapigwa jua. Kesho yake nilimfunga mjukuu mgongoni nikampeleka.

Mwalimu alikuwa mwanamke Mrundi, mwembamba, mkimbizi kama wenzake. Kihangaza changu na Kirundi chake vinasikilizana. Alichuchumaa mbele ya mtoto akamuuliza anapenda kuchezea nini.

"Maharage," nikasema.

"Mukecuru," akanikatiza, ndivyo wanavyomwita bibi mzee, "nimekuuliza wewe?"

Mimi, mwenye boma na wajukuu tisa, kunyamazishwa na mkimbizi! Nilinung'unika njia nzima. Lakini kesho yake nilimrudisha mtoto, na keshokutwa pia, kwa sababu alikuwa amenililia turudi.

Pale kila mtoto alifundishwa kusema mambo mawili: asichoweza, bila aibu, halafu anachoweza. Asiyeona alisema, "Sioni. Naweza kusikia nani amekuja." Hata mzima alisema, "Siwezi kufunga kamba za viatu. Naweza kuruka." Mjukuu wangu alihesabu maharage, akavaa sketi yake mwenyewe, na wenzake wenye mikono myepesi walisubiri amalize.

Majirani hawakunyamaza. Mmoja aliniambia kisimani, "Watu wote wanalia wakimbizi wanamaliza kuni, wewe bibi unawapelekea na mtoto!"

"Kuni wamemaliza kweli," nikamjibu. "Lakini wewe mwenyeji, ni lini ulimwita mjukuu wangu acheze na wanao?"

Akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Ukafika wakati wa kuandikisha darasa la kwanza. Mwalimu mkuu wa shule yetu aliniamkia vizuri tu, "Shikamoo, bibi," nami nikaitika, "Marahaba." Kisha akamtazama mtoto.

"Bibi, hapa si hospitali. Haya, mtoto, shika sikio."

Mtoto akajaribu. Mkono uligota shavuni. Kwenye foleni wazazi wakacheka chini chini.

"Mlete mwakani."

"Mwakani mkono utakuwa umeota upya?" nikamuuliza. "Unaandikisha sikio au unaandikisha mtoto? Sitoki mlangoni hapa mpaka umuulize jambo la shule."

"Bibi, wenzako wanasubiri."

"Wasubiri. Mimi nimesubiri miaka saba."

Akashusha pumzi, akaweka kalamu chini. "Haya, mtoto. Wewe unaweza nini?"

Ulimi uliniwasha. Majibu yote nilikuwa nayo. Nikaung'ata. Mtoto akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Nyuma yetu mtu akakohoa.

"Siwezi kushika sikio," akasema taratibu. "Naweza kuhesabu." Akageukia dirisha la ofisi. "Vioo sita. Viwili vimevunjika. Vizima vinne."

Mwalimu mkuu naye akageuka kulitazama dirisha lake, kama vile ndiyo kwanza analiona. Foleni ikacheka tena, na safari hii hawakumcheka mtoto.

"Nani kamfundisha?"

"Wakimbizi," nikasema kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Akaandika jina. Halafu akaniinulia kalamu. "Aanze Jumatatu. Lakini sina mtu wa kumvua na kumvalisha akienda chooni. Akishindwa, nitamrudisha nyumbani, na hapo usinigombeze."

Sikumgombeza. Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli, na kosa lilikuwa letu. Kule chekechea mtoto alivaa mwenyewe. Nyumbani tulimvalisha sisi, kwa haraka zetu, kila siku, kama vile hakufundishwa kitu. Tungeendelea hivyo, shule ingemtoa kabla ya wiki kwisha.

Nilipofika nyumbani nikawaita wote uani, mwanangu, mkamwana na wajukuu, nikawaambia nikiwa nimesimama:

"Kuanzia sasa hivi, atakayemfunga mtoto huyu kifungo, atakayemshikia kijiko, atakayemjibia akiulizwa, hali chakula cha chungu changu siku hiyo. Uji ukipoa, upoe. Na mkinisikia mimi namjibia, ninyimeni na mimi."