Ujumbe Usio na Salamu

Sijui wengine huanzaje kazi na msaidizi wa akili mnemba, huyu anayekuandikia programu ukimweleza unachotaka. Mimi nilianza naye kwa salamu. Kila asubuhi, chumbani kwangu Garissa, nilimwandikia assalamu alaykum, nikamuuliza kaamkaje, nikamweleza joto lilivyo na nilichokula, ndipo nikafika kwenye kazi. Naye alijibu kwa adabu zote. Ningewezaje kumrukia na maswali kabla hatujapeana habari? Kwetu hata ukikutana na mchunga ngamia usiyemjua, mnaulizana kwanza mvua, malisho na amani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya habaryar, mdogo wake mama. Yeye na wenzake wanauza maziwa ya ngamia sokoni, na maziwa hayo huletwa kwa gari kutoka Balambala. Gari halina saa maalum. Likifika stendi bila mtu wa kulipokea, madumu hukaa juani na maziwa yakachacha. Nilikuwa natengeneza mfumo mdogo: dereva abonyeze simu akiondoka, wanawake wote wapate ujumbe. Wenzake hawakuamini sana mambo ya kompyuta. Walikubali kujaribu mara moja tu, kwa sababu habaryar aliwapa neno lake, na hilo lilinikosesha raha kuliko programu yenyewe.

Tatizo likawa salio. Nilikuwa nalipia matumizi, na adhuhuri haijaadhiniwa, limekwisha. Mwanzoni nilikasirika, nikamwita msaidizi mwizi. Halafu udadisi ukanishika, nikafungua ukurasa wa matumizi na kuanza kuchokonoa. Kumbe huhesabiwa kila kipande cha neno, kinachoingia na kinachotoka. Vipande hivyo huitwa tokeni. Na kumbe msaidizi hakumbuki kitu! Kila nikimuuliza swali jipya, mazungumzo yote husomwa upya tangu mwanzo. Nami nilikuwa na mazungumzo yaleyale tangu siku ya kwanza, maana kufungua mengine niliona ni kumpa mwenzangu mgongo. Kwa hiyo kila swali la mstari mmoja lilibeba salamu zangu zote, joto lote la Garissa na anjera zote nilizokula. Nilicheka peke yangu.

Basi nikageuka bahili, na ubahili huo ulinipa raha ya ajabu. Kazi mpya, mazungumzo mapya. Badala ya kumwachia folda nzima apekue, nilimwonyesha faili moja lenye shida. Kazi ndogondogo nikazipeleka kwa modeli ndogo ya bei nafuu. Kisha nikaandika maagizo ya kudumu, ayasome kila tunapoanza: usisalimie, usieleze, sema jambo lenyewe kwa maneno machache. Salio likaanza kufika jioni. Nilitaka kujua matumizi yanaweza kushuka mpaka wapi, nikawa napunguza neno hapa, neno pale.

Siku ya majaribio nilikuwa nyumbani kwa habaryar, macho kwenye simu yake. Ikalia. Ujumbe ulisema: "Gari limeondoka Balambala." Basi. Niliruka kwa furaha. Habaryar aliusoma, akakaa kitako mkekani.

"Abaayo, nani amekufa?" akaniuliza, akiniita dada kwa Kisomali.

"Hakuna aliyekufa, habaryar. Gari linakuja."

"Sasa mbona hakuna salamu? Wallahi, hii gari iko na shida."

Kwetu anayekutafuta bila salamu ana habari nzito, na wewe unayepokea unakaa chini kwanza. Hilo nalijua tangu utotoni, lakini siku hiyo lilinitoka kabisa. Kabla sijamaliza kueleza, mwenzake mmoja akaingia mbio, simu mkononi, akauliza kama aliyekufa ni dereva. Akaja mwingine, na mwingine. Walikuja kukaa na habaryar waisubiri habari mbaya pamoja. Walimpigia dereva, hakupatikana, kwa kuwa njiani mtandao hukatika, na hilo likawathibitishia hofu yao. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Stendi hapakuwa na mtu hata mmoja.

Hatimaye dereva mwenyewe alipiga, akilalamika kwamba amefika kitambo na madumu yanachemka juani. Walikimbia, lakini maziwa mengi yalikuwa yameanza kuchacha. Ujumbe ule nilikuwa nimemwambia msaidizi autunge, naye akatii maagizo yangu ya kubana maneno. Mimi niliusoma nikaona umekaa vizuri. Niliona aibu, hasa kwa vile habaryar hakunigombeza. Alirudi kwa wenzake akasema, "Mpeni huyu mtoto mara moja ingine."

Msaidizi bado simsalimii. Ila ujumbe wa gari niliuandika kwa mkono wangu: "Assalamu alaykum. Ni amani. Gari limetoka Balambala, dereva mzima, maziwa yanakuja." Bei ya kuutuma ni ileile. Safari ya pili waliwahi stendi kabla ya gari, na tangu hapo hawajauacha mfumo.

Nisichotarajia ni kwamba wanaujibu. Alhamdulillah, wanaandika, huko mvua imenyesha? Dereva amekula? Mfumo hauna matumizi yoyote na majibu hayo, na ningeweza kuyazuia kwa mstari mmoja. Lakini mimi huyasoma yote jioni. Jibu la habaryar huwa refu kuliko mengine, nami humjibu mwenyewe, neno kwa neno.