Nilibadilisha Bahasha Mbili Wodini

Mume wa marehemu alinishika mikono yote miwili. "Asante, sista. Ulimtunza vizuri."

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa hivi.

Mimi ni nesi. Wodini kwetu kulikuwa na utafiti. Kundi moja lilipewa antibiotiki ya kawaida, ile ile kwa wote. Kundi lingine, maabara inapima vijidudu vya kila mgonjwa, halafu anachaguliwa dawa inayomfaa yeye.

Nani aende wapi? Bahasha iliyofungwa ndiyo inaamua. Unachukua ya juu, basi.

"Msichague kwa huruma," daktari mkuu alituonya. "Huruma ikiingia, hatutajua kipi kinaponya."

Asubuhi moja akaletwa dada yangu, yule aliyenilea mama alipofariki. Maambukizi yamefika kwenye figo, anatetemeka hadi kitanda kinalia.

Kitanda cha pili, mama mmoja fundi cherehani. Ugonjwa ule ule, lakini mdomo haujaugua.

"Sista, niponye haraka! Kuna bibi harusi gauni lake lina mkono mmoja!"

Nikafungua bahasha ya dada: dawa ya kawaida.

Ya fundi: dawa ya kuchaguliwa.

Nikatazama huku na huku. Nikazibadilisha.

Siku ya pili majibu ya dada yakatoka. Nikasoma mara tatu. Vijidudu vyake vinauawa na dawa ile ile ya kawaida!

Yaani bahasha yake halali ingemponya vilevile.

Fundi homa ilipanda. Akaacha utani. Siku ya nne daktari akambadilishia dawa, lakini maji yalishazidi unga. Jioni akafariki.

Sampuli yake ilipopimwa baadaye, vijidudu vyake vilikuwa sugu. Dawa ya kawaida havikuisikia kabisa.

Dada akarudi nyumbani. Ananiita mkombozi wake. Mimi namwitikia huku nimeinama.

Baada ya mwezi nikashindwa. Nikamweleza daktari mkuu kila kitu. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alitoa mafaili mawili, akayaweka pembeni.

"Hawa hatuwezi kuwahesabu tena kwenye utafiti."

"Hata fundi?"

"Hata yeye."

Nililia kama mtoto. Wengine waliofia wodini, vifo vyao viliwafundisha madaktari kitu. Mama wa watu alikufa, na mimi nikakiziba mdomo hata kifo chake.

Kazi nilisimamishwa. Nilistahili.

Ndugu zangu, mpende wako kwa kilicho chako. Fungu la mgonjwa wa kitanda cha pili si lako kugawa.