Laini ya Chifu

Hapana, kidole chake kilikuwa kizima. Nakwambia mapema kwa sababu kila mtu nikimpigia hii hadithi lazima aniulize kama bwana yangu alikuwa na shida ya mkono. Hakuna shida. Kidole gumba kilikuwa hapo, kinene kama kiazi, na kazi yangu mwaka mzima ilikuwa kukitafutia wino.

Nilikuwa nimezaa tisa. Tulikuwa tunakaa nje kidogo ya Eldoret, njia ya kwenda Soy, tumetoka mkoa wa Central na godoro moja na kuku wawili. Huyo wa tisa alinimaliza damu mpaka wakanibeba na trela ya trakta kama gunia ya mahindi. Pale hospitali ya misheni kulikuwa na sista mzungu, mwembamba, anaongea Kiswahili kama amebeba uji moto mdomoni. "Mama, tumbo yako nachoka. Moja ingine, wewe nakufa." Akanipa karatasi. Sindano ya kupanga uzazi iko, akasema, lakini kwanza mzee aweke kidole cha wino hapa. Mwenye kufa ni mimi, mwenye kukubali ni yeye. Haya basi.

Nikapeleka karatasi nyumbani. Mzee akaishika kichwa chini, maana yeye na mimi hakuna aliyeona mlango wa shule, akakohoa kama hakimu. "Nitaangaria," akasema na ule ulimi wake wa Central. Akaangalia tangu kupanda mpaka kuvuna. Nikimuuliza, "Bado naangaria."

Lakini siasa, hiyo haikungoja kuangaliwa. Pale posho mill alikuwa profesa. Sisi wanawake tunakalia madebe tukingoja mahindi isagwe, wanaume wamesimama mlangoni wakiendesha nchi.

"Serikari gani hii?" Huyo ni bwana yangu, mkono kiunoni. "Dispensari haina dawa ya kichwa! Watoto wanaandikia kwa magoti, madawati hakuna! Barabara imekuwa mto! Sasa wamekaa Nairobi wakaona shida ya Kenya ni watoto wangu?"

Mwenye duka naye, sauti nyembamba kama mbuzi amebanwa na mlango: "Na tukipungua, siku ya kura tutasimama wangapi?"

Maana siku hizo kura ilikuwa ya kupanga laini. Unasimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe, mnahesabiwa vichwa kama ng'ombe wakiogeshwa kwa dip. Mimi nikasema kutoka juu ya debe langu, "Juzi laini refu ilishindwa na fupi, na sote tulikuwa na macho. Sasa mnataka tuzae zaidi ili tushindwe tukiwa wengi?"

Wanawake wakacheka mpaka unga ukamwagika. Bwana yangu hakucheka. "Mama watoto, unga yako iko tayari." Haikuwa tayari. Mahindi yangu ilikuwa bado iko kwa debe, mimi nimeikalia.

Halafu askari wa chifu akapita na baiskeli, na wote, nakuapia, wakaanza kuongea mambo ya mvua.

Alikuwa amekuja kutangaza baraza. Kesho yake duka zote zimefungwa, tukaketi kwa uwanja wa shule, jua la utosi. Chifu akapanda juu ya kiti na kile kifimbo chake. Yeye sauti ilikuwa inatoka tumboni, inakuja na tumbo yenyewe. "Wananji! Serigali imesema! Watoto ni wanne! Mkizaa kama sungura, serigali itajenga shule ngapi?"

Bibi mmoja mzee, hana meno na hana cha kupoteza, akainua mkono. "Chifu wetu, na wewe uko na wangapi?"

Kila mtu alijua. Wake watatu, na hao watoto wangejaza lori.

"Mama, mimi ni serigali," chifu akasema. "Serigali haihesabiwi. Keti."

Halafu akasema DO, yule mkubwa wake, anataka ripoti, ajue location yetu imekubali mpango wa uzazi ama imekataa. Kwa hivyo tupange laini. Wenye kukubali, nyuma ya chifu. Wenye kukataa, nyuma ya goli ya mpira kule, na karani atawaandika majina.

Majina! Wacha nikwambie, kwa goli hakukuenda hata mbwa. Wanaume wa posho mill walikimbia nyuma ya chifu wakikanyagana. Mwenye duka alipoteza kiatu. Na bwana yangu, profesa mwenyewe, alikuwa wa tano kutoka mbele, kifua nje, kofia mkononi. Karani akapita akimgusa kila mtu bega: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Nikaona kwa macho yangu amehesabiwa.

Hapo ndio nilifanya ujinga wangu. Nilifikiri mtu akishahesabiwa, amekubali. Mimi, ambaye nilijua habari ya laini refu na laini fupi!

Karatasi nilikuwa nimeifunga kwa leso. Nikaitoa, nikaenda kwa meza ya karani nikachukua kikopo chake cha wino wa muhuri. Akapiga kelele, "We mama, hiyo ni ya ofisi!" Sikugeuka. Nikatembea mpaka mbele ya bwana yangu, watu wote wananiangalia.

"Baba watoto, chifu amekuona, DO ataambiwa. Weka kidole."

Akaangalia karatasi, akaangalia kofia yake, akaangalia mbingu. Mwenye duka nyuma yake akajifanya anatafuta kiatu.

Nikamgeukia chifu. "Chifu, huyu ni mtu wa laini yako. Mwambie."

Chifu akajikuna shingo na kifimbo, na lile tumbo likapoteza sauti. "Mama, mambo ya kitanda haiko kwa location."

"Si ndio umetuitia hapa?"

"Tumeitwa kwa ripoti, mama. Ripoti imekwisha."

Nikarudi kwa bwana yangu. Nikamwambia polepole, maana sasa nilikuwa nimechoka, "Sista alisema nitakufa. Unasikia? Si serikali itakufa. Ni mimi. Na umesimama kwa laini ya kukubali."

Akavaa kofia. Hakupandisha sauti, hakukohoa hata.

"Nimesimama hapa kwa sababu chifu namwogopa," akasema. "Wewe sikuogopi."