Swali ambalo sijauliza limejibiwa

Jamani, leo nimeona kinyaa mpaka chai imenishinda.

Tulikuwa kwenye fainali ya mtandaoni ya chemsha bongo ya umoja wetu wa mabinti. Nchi nne, na mwendeshaji ni mimi, hapa hapa Kashai. Binti wa Muleba akajibu swali la kwanza, akaunganisha na la pili.

La pili sijaliuliza bado!

Mlezi mwenzangu, shangazi yake huyo binti, akadakia: "Ni mtandao tu, dada, tuendelee."

Mtandao ndio umejibu?

Binti akainama. "Shangazi alinitumia maswali jana. Naomba mnitoe."

Shangazi mtu akazima kamera.

Kiapo chetu cha kusema kweli, yeye ndiye huwaapisha watoto.

Semeni nyie, Jumamosi tukikutana na watoto, nikae nimtazame akiwaapisha tena?